Inkubeta yenye kamera katika maabara ya IVF: tathmini baada ya miaka miwili ya kazi

Mashine ninayoitathmini hapa ni inkubeta ya kukuzia viinitete yenye hadubini na kamera ndani yake, inayomwezesha mtaalamu kulifuatilia yai lililotungishwa tangu saa za kwanza hadi siku ya tano au ya sita bila kufungua mlango hata mara moja. Katika maabara ninayofanyia kazi, hapa Dar es Salaam, tumeitumia kwa miaka miwili sambamba na inkubeta za kawaida za mezani, ambazo hatukuziondoa. Chapa ya mashine yetu sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya malalamiko yangu yanamhusu zaidi wakala aliyetuuzia, na kwa kuwa mengi nitakayoyaeleza yanazihusu mashine zote za aina hii. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asisumbuke: ni kifaa kizuri sana kwa anayefanya kazi maabara, na ni bidhaa isiyofaa kuuziwa mgonjwa kama njia ya kumwongezea nafasi ya kupata mtoto. Mambo hayo mawili hayapingani, ingawa wauzaji wengi wangependa tuyachanganye.

Kwa wasiozijua maabara hizi za IVF, yaani za kutungisha mimba nje ya mwili, ni vyema nianze na kazi ya inkubeta yenyewe. Yai likishatolewa kwenye ovari hukutanishwa na mbegu za kiume katika kisahani, au mbegu moja hudungwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba mno, mbinu ambayo mafanikio yake ya kwanza yalitangazwa Brussels mwaka 1992. Kuanzia hapo yai hilo linahitaji mahali panapofanana na mirija ya uzazi: joto la nyuzi 37, giza, kiwango cha pH (kipimo cha uasidi) kati ya 7.2 na 7.4, na oksijeni ya asilimia 5 badala ya asilimia 21 tunayovuta sisi. Kiwango hicho cha pH hakitokani na kimiminika cha kukuzia peke yake, bali hushikiliwa na gesi ya kabonidayoksaidi iliyomo ndani ya kabati, ambayo kwa mji ulio usawa wa bahari kama wetu huwekwa asilimia 5 hadi 6. Kiinitete hukaa katika tone lenye ukubwa wa tone la dawa ya macho, limefunikwa kwa mafuta ya madini ili lisikauke. Mlango ukifunguliwa gesi hutoroka na joto hushuka, na kisahani kikiwekwa juu ya meza ya hadubini mabadiliko hayo hukifikia kiinitete katika muda wa dakika chache tu.

Tangu mwanzo wa fani hii, kwa hiyo, anayetaka kujua kiinitete kinaendeleaje amelazimika kukisumbua. Jean Purdy, muuguzi aliyegeuka kuwa mtaalamu wa viinitete, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona seli zikigawanyika za kiinitete kilichokuja kuwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani wa IVF, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Aliziona kupitia hadubini, kwa kuchungulia kwa nyakati alizozichagua, na kwa zaidi ya miaka thelathini baada yake sote tuliendelea kufanya kazi hivyo hivyo: kuchungulia mara moja kwa siku, kuandika, kufunga mlango na kukisia kilichotokea katikati.

Inkubeta yenye kamera huondoa ukisiaji huo. Mashine iliyotangulia kuenea duniani ni EmbryoScope, iliyobuniwa na kampuni ya FertiliTech ya Denmark, ambayo mwaka 2014 ilinunuliwa na Vitrolife ya Sweden. Toleo lake linaloitwa EmbryoScope+ hubeba visahani vya wagonjwa 15, kila kisahani kikiwa na vishimo 16, na kila baada ya dakika 10 hivi hupiga picha za kila kiinitete katika kina tofauti kwa mwanga mwekundu hafifu, kisha programu huziunganisha picha hizo kuwa filamu fupi. Zipo nyingine, kama vile Geri ya Australia na MIRI ya Esco, ambazo zimegawanywa katika vyumba vidogo vinavyojitegemea, kila mgonjwa na chumba chake. Tofauti hiyo ya muundo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika kabati la pamoja, kisahani cha mgonjwa mmoja kinapoingizwa, viinitete vya wengine hutikiswa kidogo pamoja na mazingira yao. Na hitilafu ikitokea, huwapata wote kwa mpigo. Katika vyumba tofauti, hitilafu ya chumba kimoja hubaki humo. Anayenunua leo kwa ajili ya kliniki ndogo yenye wagonjwa wachache kwa wiki ningemshauri aanze na vyumba tofauti, hata kama namba ya nafasi kwenye kijitabu cha mauzo itaonekana ndogo.

Sasa niseme kilichobadilika katika kazi yetu, na hapa sina budi kuisifu mashine. Utungisho hukaguliwa saa 16 hadi 18 baada ya mbegu kudungwa, kwa kutafuta viini viwili vidogo ndani ya yai, kimoja cha mama na kingine cha baba. Viwili ni heri. Kimoja ni shaka. Vitatu maana yake kiinitete hicho hakitumiki. Tatizo ni kwamba viini hivyo havikai. Baada ya saa ishirini na kitu hufifia na kupotea, yai hujiandaa kugawanyika, na aliyechelewa huona duara tupu asijue kama viini vilikuwepo vikaondoka au havikuwepo kabisa. Mayai yakidungwa saa sita mchana, muda sahihi wa kuyakagua huangukia kati ya saa kumi alfajiri na saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya kamera nilikuwa ninatoka Mbezi gizani ili niiwahi saa hiyo, na siku ambazo upasuaji wa kutoa mayai ulichelewa tulilazimika kuipanga upya ratiba ya watu wanne. Siku hizi naingia kazini saa mbili asubuhi, narudisha filamu nyuma hadi saa ninayoitaka, na viini ninavyovihitaji naviona pale vilipokuwa. Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya starehe ya mtumishi. Mimi nasema mtaalamu aliyelala vizuri haangushi kisahani.

Faida ya pili ni kuona matukio ambayo mchunguliaji wa mara moja kwa siku hawezi kuyaona. Kipo kiinitete ambacho siku ya tatu kina seli nane safi, zilizolingana, na kwa mizani ya zamani kingepewa alama ya juu. Lakini filamu inaonyesha kwamba seli yake ya kwanza iliruka kutoka moja hadi tatu kwa muda mfupi, jambo ambalo mara nyingi huashiria kwamba kromosomu hazikugawanywa sawasawa. Vipo vinavyogawanyika kisha seli mbili zikaungana tena kuwa moja. Na kipo cha tatu, ambacho siku ya pili kilionekana kimesimama kabisa, tungekiandika kuwa kimekufa, kumbe kilichelewa tu na siku ya sita kikafika hatua ya blastosisti, yaani tufe la seli lenye uwazi ndani, lililo karibu kujishikiza tumboni. Kwa mwaka wa kwanza kila asubuhi tulikuwa tunakusanyika mbele ya skrini kama watu wanaotazama mechi, na nakiri kwamba sehemu ya msisimko huo ilikuwa ushabiki tu.

Manufaa ambayo sikuyatarajia yamo katika kufundisha na katika uwajibikaji. Kijana anayejifunza fani hii zamani alihitaji miaka ili ajionee aina zote za mgawanyiko. Sasa nampa filamu za zamani, anazipa alama zake mwenyewe kwa mizani ya Gardner, inayotumika kupima ubora wa blastosisti, kisha tunalinganisha na alama zangu na kubishana. Mara mbili amenisahihisha, na alikuwa sahihi. Vilevile, pale matokeo ya mwezi yanapoanguka bila sababu inayoonekana, picha hutusaidia kujua tatizo limeanzia wapi. Kama mayai yanatungishwa vizuri lakini mgawanyiko wa kwanza unachelewa kwa wagonjwa wote wa juma moja, basi tatizo si la mgonjwa, ni la kimiminika au la gesi, na hapo tunasimama kuchunguza. Tuliwahi kuligundua kundi la visahani lenye kasoro kwa njia hiyo. Siwezi kusema kwamba tusingeligundua bila kamera, kwa sababu jaribio la kuziweka mbegu za kiume katika visahani vipya na kuangalia zinaishi kwa muda gani lingetuonyesha vilevile, laiti tungelifanya kabla ya kuvitumia, kama ilivyotupasa.

Baada ya sifa hizo zote, msomaji atashangaa kwa nini nasema isiuzwe kwa mgonjwa. Sababu ni ushahidi. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioitwa TILT, uliofanyika katika vituo saba vya Uingereza na Hong Kong na kuhusisha washiriki 1,575 waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza viinitete vyao vilikuzwa ndani ya inkubeta yenye kamera na vikachaguliwa kwa kutumia picha. La pili vilikuzwa ndani ya mashine ileile bila kusumbuliwa, ila picha hazikutumika katika kuchagua. La tatu walipata huduma ya kawaida ya kutoa kisahani na kuchungulia. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 33.7 katika kundi la kwanza, 36.6 katika la pili na 33.0 katika la tatu, na tofauti hizo ni ndogo kiasi kwamba haziwezi kutofautishwa na bahati. Mwaka uliotangulia, utafiti mwingine wa Uholanzi uliohusisha wenzi 1,731 katika kliniki 15 nao haukuona tofauti ya maana. Hakuna tena wa kusema kwamba tafiti zilikuwa ndogo.

Nimeyasoma matokeo hayo mara nyingi kuliko nilivyotaka, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyeandika hoja ya kununua mashine yetu, na katika hoja hiyo niliandika, kwa wino wangu, kwamba kutofungua mlango kutaongeza mimba. Kundi la pili la TILT ndilo lililonifunga mdomo. Mlango haukufunguliwa, na bado ongezeko halikuthibitika. Maelezo ninayoyaona kuwa ya busara ni kwamba maabara zilizoshiriki tayari zilikuwa na nidhamu: visahani vinatoka kwa muda mfupi, juu ya meza zenye joto, mikononi mwa watu wanaojua wanachofanya, na kiinitete chenye afya hustahimili usumbufu wa namna hiyo. Kuhusu uchaguzi, picha husaidia kupanga foleni, yaani kipi kiwekwe tumboni kwanza na kipi kigandishwe, lakini haziwezi kukigeuza kiinitete chenye kromosomu zilizopungua kuwa kizima. Mwenye viinitete vinne ana vinne vilevile, vipigwe picha visipigwe.

Wakala atakapoona umeutaja utafiti huo, atahamia kwenye akili mnemba. Programu hizo zimefundishwa kwa filamu nyingi mno za viinitete, nazo humpa kila kiinitete alama bila mtu kuhesabu chochote. Hapa pia pana jaribio kubwa, lililochapishwa mwaka 2024 katika Nature Medicine, lililowahusisha wagonjwa 1,066 katika kliniki 14 na kuilinganisha programu ya iDAScore na macho ya wataalamu. Mimba zilizothibitishwa zilikuwa asilimia 46.5 upande wa programu na 48.2 upande wa wataalamu, na watafiti wakakiri kwamba hawakuweza kuthibitisha kwamba programu si duni kuliko binadamu. Ilichoshinda ni kasi: wastani wa sekunde 21 hivi kwa programu, dhidi ya sekunde 208 kwa mtaalamu. Kwa kliniki yenye wagonjwa mamia kila mwezi, tofauti hiyo ina thamani. Kwetu sisi, dakika tatu za kukitazama kiinitete cha mtu aliyeuza shamba ili aje kutibiwa si dakika ninazotafuta kuzipunguza.

Na hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Huduma ya IVF katika Afrika Mashariki inalipwa kutoka mfukoni mwa mgonjwa, ambaye mara nyingi amekwisha kupita kwa waganga wengi, wa hospitali na wa jadi. Siku moja mama mmoja aliyetoka Tanga aliniuliza mbele ya mumewe, huku akishika karatasi ya bei: "Daktari, hii ya kamera nisipoilipa, hao wangu watawekwa wapi?" Mimi si daktari, lakini wote hutuita hivyo. Nikamjibu, "Dada yangu, watawekwa mahali pazuri vilevile, na mtu wa kuwaangalia ni mimi huyuhuyu." Akanitazama kwa muda, akasema, "Basi kwa nini mmeiandika?" Sikuwa na jibu ambalo lisingemwaibisha mwajiri wangu. Karatasi ile haikusema uongo hata neno moja. Ilisema tu "uangalizi wa saa 24 kwa kamera", na ikamwachia mwenye hofu amalizie mwenyewe sentensi iliyobaki.

Filamu nazo ni jambo la kufikiria kabla ya kuzigawa. Baadhi ya wagonjwa huziomba wazitume kwa ndugu, na wapo wanaofurahi kwa dhati. Lakini kiinitete kilichoonekana kikigawanyika, kikapewa jina nyumbani, kisha kisishike tumboni, huacha kilio kizito zaidi kuliko namba iliyoandikwa kwenye faili. Sisi huonyesha filamu kwa anayeomba, baada ya mazungumzo na muuguzi mshauri, na hatuitumi kwa simu.

Nije kwenye mazingira yetu, ambayo vijitabu vya mauzo havikuandikwa kwa ajili yake. La kwanza ni umeme. Mashine hii haikati tamaa haraka umeme unapokatika, kwa sababu chuma chake hutunza joto kwa muda, lakini kompyuta yake huudhika sana kwa umeme unaopanda na kushuka. Katika kipindi cha mgao tulipata usiku mmoja ambao jenereta iliwaka kama kawaida, joto na gesi zikabaki salama, ila programu ilijizima na kuwaka mara kadhaa na tukapoteza picha za saa tano. Viinitete havikudhurika. Hata hivyo, asubuhi tulijikuta tukikitoa kisahani kukichungulia kama zamani, na ndipo nilipofurahi kwamba hatukuziuza zile inkubeta za mezani. Asiye na betri za akiba zinazoweza kuibeba mashine hadi jenereta itulie asiinunue kabisa.

La pili ni gesi. Nyingi za mashine hizi huchanganya zenyewe kabonidayoksaidi na nitrojeni, na nitrojeni ndiyo inayosukuma oksijeni ishuke hadi asilimia 5. Ikiwa mtungi wa nitrojeni utaisha usiku wa Ijumaa, mashine italia kwa king'ora, nayo oksijeni itaanza kupanda. Mitungi miwili iliyounganishwa kwa vali inayojigeuza yenyewe si anasa. Na wenzetu wa Nairobi wana jambo lao jingine: mji wao uko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, shinikizo la hewa ni pungufu kwa zaidi ya moja ya sita, kwa hiyo asilimia 6 ya kabonidayoksaidi inayotosha hapa pwani haitoshi kule, ili kupata pH ileile huenda wakahitaji zaidi ya asilimia 7. Nimewahi kuona mwongozo wa usanikishaji ulionakiliwa neno kwa neno kutoka maabara ya pwani kwenda maabara ya bara. Namba ya gesi kwenye skrini haitoshi. Ni lazima pH ya kimiminika chenyewe ipimwe, na joto lipimwe kwa kipimajoto kilichowekwa ndani ya kisahani, si kwa kuamini kile kilichotengenezwa na mwenye mashine.

Kisha kuna gharama zinazoendelea baada ya ununuzi, na hapa ndipo malalamiko yangu kwa wakala yalipo. Mashine hutumia visahani vyake pekee, vilivyoundwa kulingana na kamera, na bei ya kimoja ni mara kadhaa ya kisahani cha kawaida. Vinatoka ng'ambo, sawa na kimiminika cha kukuzia, ambacho husafirishwa kikiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 na huwa na muda mfupi wa kutumika. Shehena moja ilipochelewa njiani tulilazimika kwa wiki tatu kuiacha mashine ya thamani kubwa kuliko zote chumbani ikikaa tupu, kwa kukosa vipande vya plastiki. Fundi wa wakala tuliahidiwa kwa maneno kwamba atafika ndani ya siku mbili. Mara ya kwanza tulipomhitaji alifika siku ya kumi na moja, na ankara ya nauli yake ilitangulia kufika. Anayesaini mkataba wa matengenezo ahakikishe kwamba siku za kusubiri zimeandikwa kwa tarakimu, pamoja na kitakachotokea zisipotimizwa.

Hata dhana yenyewe ya kuviacha viinitete vitulie haidai mashine ya gharama. Willem Ombelet wa Genk, Ubelgiji, pamoja na Jonathan Van Blerkom wa Marekani, walibuni njia ya kukuza viinitete ndani ya mirija midogo ya kioo iliyofungwa, huku kabonidayoksaidi ikizalishwa kwa kuchanganya asidi ya sitriki na magadi ya kuokea ndani ya mrija wa jirani. Kiinitete hutazamwa kupitia kioo bila mfuniko kufunguliwa, na watoto wamekwisha kuzaliwa kwa njia hiyo. Sisemi kwamba kila kliniki irudi kwenye mirija, kwa kuwa mbinu hiyo ina mipaka yake, lakini ni vizuri mnunuzi aikumbuke anapokaa mezani na muuzaji.

Kama ningekabidhiwa leo fedha zilezile, na maabara ikiwa changa, kamera isingekuwa ya kwanza kwenye orodha yangu. Ningeanza na hewa ya chumba: machujio ya chembe ndogo na ya mvuke wa kemikali, rangi ya ukuta iliyokauka kwa miezi, na kumkataza mtu yeyote kuingia na manukato, sheria ambayo kwa watu wa pwani ni ngumu kuliko ya kuvua viatu. Ningehakikisha inkubeta za mezani zinazoshusha oksijeni hadi asilimia 5, jambo ambalo ushahidi wake ni mzuri kuliko wa kamera, na ziwe za kutosha ili kila mgonjwa awe na nafasi yake. Kisha ningewekeza katika ugandishaji wa haraka, mbinu iliyoenezwa sana na kazi ya Masashige Kuwayama wa Japani, ambapo kiinitete huzamishwa katika nitrojeni kimiminika ya nyuzi 196 chini ya sifuri kwa kasi kubwa mno kiasi kwamba maji hayapati muda wa kuwa barafu. Mwenye mkono mzuri katika kugandisha humwekea mgonjwa viinitete vilivyobaki, akampa nafasi ya pili na ya tatu bila kumdunga tena sindano za homoni. Na matangi yawe na king'ora kinachompigia mtu simu, kwa maana mwezi Machi 2018 nchini Marekani matangi ya vituo viwili, kimoja San Francisco na kingine Cleveland, yaliharibika katika juma moja, na huko Cleveland pekee mayai na viinitete zaidi ya 4,000 viliathirika.

Jambo lisilogharimu fedha nyingi ni kujipima. Viwango vilivyokubaliwa Vienna na kuchapishwa mwaka 2017 vinasema wazi: kwa mayai yaliyodungwa, yatungishwe vizuri angalau asilimia 65, na lengo liwe 80 au zaidi, yanayoharibika kwa kudungwa yasizidi asilimia 10, na lengo ni kutozidi 5, yanayofika blastosisti siku ya tano yawe angalau asilimia 40, lengo 60, na blastosisti zinazonusurika baada ya kuyeyushwa ziwe angalau asilimia 90, lengo 99. Maabara isiyojua namba zake kwa mwezi uliopita haitajuzwa na kamera. Na mgonjwa anayesoma haya ana haki ya kuziuliza namba hizo kabla ya kuuliza kama kuna kamera, na aulize pia nani wa pili anayeshuhudia jina lake kila kisahani kinapobadilishwa.

Basi nani ainunue? Kliniki ambayo hayo yote imekwisha kuyatimiza, ina wataalamu wawili au watatu wanaolemewa na zamu za alfajiri, inafundisha vijana, na ina uwezo wa kuilipia mashine kutoka katika bajeti yake yenyewe kama inavyolipia hadubini na mitungi. Kwa kliniki ya namna hiyo ningeipa alama nne kati ya tano, nikiiondolea moja kwa sababu ya visahani na huduma ya baada ya mauzo. Kwa maabara inayoanza ningeipa mbili, nikijua kabisa kwamba mwenye kliniki angependa kuionyesha kwenye tangazo.

Kwetu mjadala ulichukua miezi minne, mwenye kliniki akihesabu upande wake nami nikimwekea mezani jedwali la TILT. Tangu robo hii ya mwaka mstari wa kamera umeondolewa kwenye karatasi ya bei, mashine inatumika kwa wagonjwa wote kadiri nafasi na visahani vinavyoruhusu, na vikipungua, wanaotangulia kupata ni wale wenye mayai mengi, kwa kuwa kwao ndiko kuchagua kunakotuchukulia muda mrefu.